Msumeno Uliokuja kwa Meli

Dundori, Januari 7, 1957

Msumeno wa zamani unakufa. Umenolewa mpaka umebaki mwembamba, na leo umepinda katikati ya gogo la mutarakwa, ule mwerezi mwekundu wa huku milimani, Kipkorir akacheka kule chini shimoni. "Fundi, huyu mzee sasa anataka pensheni." Mimi sikucheka. Ubao ukienda upande, jina linaloharibika ni langu.

Simiyu, mwanangu, ukija kusoma haya ukubwani, ujue kazi ya baba yako ilikuwaje. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anashuka chini, na msumeno mrefu kuliko mtu unapita kati yao. Wa juu anaunyanyua na kuuongoza. Wa chini anauvuta, na meno hukata wakati wa kuvuta. Wa juu anaona mstari. Wa chini haoni kitu ila unga wa mbao, na huo humwingia machoni. Ndiyo maana wa juu huitwa fundi, na wa chini huitwa kwa jina lake tu. Kipkorir akipaza sauti kuuliza tumefika wapi, namjibu kama Wanyoike alivyokuwa akinijibu mimi nilipokuwa chini: "Vuta tu. Kuona ni kwangu."

Shimo hili alilichimba Wanyoike. Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Hali ya Hatari, malori ya serikali yaliwaondoa watu wa kabila lake wote huku msituni, naye akapanda na blanketi moja. Sijamsikia tena. Kibali sasa kina jina langu, Hezekiah Wamalwa, na kila mwaka nakiomba upya kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda haja.

Januari 13, Jumapili

Baada ya ibada Mwalimu Micah wa Bahati alinishika mkono, akaniweka kando. Wanajenga shule, na wanataka mbao za paa lote, zifike kabla ya Pasaka, kabla mvua ya masika haijashika. Nikakubali papo hapo. Afisa wa msitu alikuwa ameshaniambia wazi: nikimaliza kazi moja kubwa kwa wakati, nitapata kibali cha muda mrefu, na shimo litakuwa langu. Nikishindwa, atampa mtu mwingine, nami nitarudi kubeba magogo kwenye kiwanda cha mzungu, kule nilikoanzia. Nilitoka huko na mgongo wa mzee nikiwa bado kijana. Sirudi.

Msumeno mpya uko njiani. Niliuagiza Oktoba kutoka kwenye katalogi ya kampuni moja ya Uingereza. Nekoye, mke wangu, ameshaichana katalogi yenyewe na kubandika kurasa ukutani, upepo usipenye. Ukurasa wa misumeno uko juu ya kitanda. Nalala nikiutazama.

Januari 19

Nilishuka Nakuru kununua kamba, na kamba hapana budi ni kwa Nathu, Mhindi wa vifaa.

Duka la Nathu lina mlango mkubwa mbele, wa wazungu. Sisi tuna dirisha la ubavuni. Zamani lilikuwa la kupitishia madebe ya mafuta ya taa, kwa hiyo liko chini, na mtu mzima hana budi kuinama ndipo aonane na muuzaji. Leo niliinama pale nikingoja mzungu mmoja achague mnyororo wa mbwa. Alichagua polepole. Alikuwa na mbwa naye ndani ya duka, na mbwa alikuwa amelala sakafuni karibu na feni.

Tena Nathu ana desturi inayonichoma. Ukitaka msumeno kwake, uwe wa kununua au wa kunolewa, hakupi tu. Kwanza anataka kipande cha mti unaopasua, anakinusa, anakiuma. Halafu anamtaka mtu wa chini. Mtu wa chini anapitisha mkono dirishani, Nathu anaupima kwa uzi kutoka kwapani hadi kwenye ngumi, kisha anaingia na msumeno nyuma ya duka, anakaa huko. Mimi wa juu, mwenye kibali, ninayejua kusoma na kuandika, haniulizi hata hali; na nilipokuwa chini, Wanyoike alikuwa na mnoaji wake, sikupimwa hata mara moja. Kila anapoanza mchezo ule wa uzi mimi huenda kusimama barabarani mpaka wamalize, nisije nikatoa neno.

Leo akaniambia, "Wamalwa, msumeno yako iko kwisha. Mimi iko na moja mpya. Lete kipande ya mti, lete Kipkorir."

"Nimeagiza Uingereza," nikasema.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Uingereza? Uingereza najua mutarakwa?"

"Uingereza hawakuniuliza nitaingilia mlango gani."

Akaipima kamba, akaikata, akaiviringa. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia, Wamalwa, kuna nyumba hapa Nakuru, mimi naingia na mlango ya jikoni."

Njia nzima ya kupanda Dundori nilikuwa nikimjibu moyoni. Ikiwa anajua jinsi mlango wa jikoni unavyouma, mbona amenitobolea mimi dirisha?

Februari 2

Hakuna msumeno. Karani wa stesheni anasema mfereji wa Suez umefungwa, meli zote zinazunguka Afrika nzima kwa chini. Wakubwa wanapigana, na fundi wa Dundori anakaa bila msumeno.

Februari 9

Jua kali. Wa zamani umekatika jino la tatu. Tunapasua vijiti.

Februari 18

Umefika! Nimekwenda mwenyewe kuuchukua stesheni ya Nakuru.

Karani wa ghala la mizigo aliutazama ule mzigo mrefu uliofungwa magunia, kisha akanitazama mimi. "Bwana yako ni nani?"

"Sina bwana. Soma hapo."

Akasoma kibandiko. Kilikuwa kimepigwa chapa, si mwandiko wa mkono: Mista H. Wamalwa, Nakuru, Kenya. Akasoma mara ya pili kimoyomoyo, akaniomba nitie sahihi, na aliponipa kalamu alinipa kwa mikono miwili. Nimeishi Nakuru na Dundori tangu ujana wangu na hakuna aliyewahi kuniita Mista. Mtu asiyenijua, aliye ng'ambo ya bahari, ndiye wa kwanza.

Nekoye amenicheka jioni yote. "Mista, maji ya kuoga yako tayari. Mista, mboga imepungua chumvi, utavumilia?" Nilimwacha acheke. Nilikuwa na furaha kubwa, kwa nini niifiche.

Kipkorir alikuja kuuona. Alipitisha kidole kwenye meno taratibu, akarudia. "Fundi, hii meno yote inaangalia mbele, kama askari kwa paredi. Ile ya zamani moja inaangalia huku, ingine huku."

"Ule wa zamani meno yake yamepindwa na uzee," nikamwambia. "Hujawahi kuona msumeno mpya?"

Akasema kweli hajawahi. Hata mimi sijawahi, lakini hilo sikumwambia.

Februari 20

Umebanwa. Chuma ni kizuri, kinalia kama kengele ukikigonga. Lakini ukiingia urefu wa kiganja ndani ya gogo, mti unauuma na haukubali kutoka. Nadhani ni ugeni. Hata ng'ombe mgeni hakamuliki siku ya kwanza.

Februari 21

Umebanwa. Tumepaka mafuta ya kondoo.

Februari 23

Umebanwa. Tumebadili gogo, tumeacha mutarakwa, tumejaribu podo, mti laini zaidi. Umebanwa.

Februari 27

Mbao mbili siku nzima, na zote mbili nimezionea haya. Kipkorir amepanda kutoka shimoni akaketi, macho mekundu, akikamua jasho kwenye kofia. Hasemi, na kunyamaza kwake kunaniudhi kuliko maneno.

Machi 2, Jumamosi

Leo amesema. Alinikuta nikiupaka msumeno mafuta kwa mara ya ngapi sijui.

"Fundi, tupeleke kwa Nathu. Akunje meno."

"Akunje vipi?"

"Na koleo. Moja huku, moja huku, ndio msumeno ipate njia pana, mti isishike. Halafu anapiga tupa. Yeye hufanya hivyo kila mara."

"Nani alikwambia?"

"Nimeona. Akinipimanga mkono, anaingia huko nyuma, mimi nachungulia kwa dirisha." Akanitazama kwa upole, na upole ule ulinikera. "Wewe ulikuwanga barabarani, umekasirika."

Nilimwambia aliyemwona ni mwizi akiharibu mali. Nathu anaipinda misumeno makusudi ili iishe haraka na sisi turudi kuinama dirishani pake. Waingereza waliotengeneza chuma hiki ndio waliotengeneza reli. Watashindwa na jino? Kipkorir akasema, "Sawa, fundi," akaenda zake. Hajawahi kunibishia, na leo ningependa angebisha ili nipate mtu wa kupiga naye kelele.

Nekoye naye, alipokuwa akisonga ugali, akatupa neno lake. "Baba Simiyu, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mimi nimeinama miaka yote."

"Basi mara moja zaidi itakuvunja nini?"

Sikula.

Machi 6

Nimenunua tupa kwa mchuuzi wa Bahati, nimenoa meno mwenyewe. Nimesimama juu ya kitanda na taa, nikatazama picha ya katalogi ukutani jino kwa jino, nikarudi kunoa lifanane na la kwenye picha. Kampuni inayoniita Mista haiwezi kuchora uongo. Nekoye amechukua mtoto, amekwenda kuketi nje.

Machi 9

Sasa haubanwi sana. Sasa unatangatanga. Naushika kwenye mstari wa masizi niliouchora juu ya gogo, naukandamiza kwa mikono miwili, nao unakwenda unakotaka. Ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, katikati una tumbo.

Mwalimu Micah alikuja na baiskeli kutazama kazi. Aliinua ubao mmoja, akafumba jicho moja kuukagua unyoofu, akaulaza chini kama anayelaza mgonjwa. "Wamalwa, hizi haziwezi kukaa kwa paa. Maji itapita yote."

"Mwalimu, nitazirekebisha."

"Pasaka si mbali, ndugu yangu." Akapanda baiskeli. Hakuninyooshea mkono wa kwaheri, au labda alikuwa ameshika breki. Nimeliwaza hilo mchana wote.

Machi 14

Naandika haya nikiwa zahanati ya Bahati, kwenye benchi la nje.

Asubuhi tulianza gogo kubwa la mutarakwa, lile lililobaki la Wanyoike, lililokaushwa vizuri. Nilisema moyoni, hili likitoka sawa, mengine yote yatafuata. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Aberdare, na nilikuwa na haraka. Tulikwenda vizuri mpaka karibu nusu. Kisha mti ukauma. Nikainua, haukupanda. Kipkorir akavuta, haukushuka.

"Imekataa, fundi," akaita kutoka chini. "Tupige kabari tuitoe pole pole."

Nikatazama mstari. Ilibaki kidogo tu tufike kwenye fundo, na nikaona kwa macho yangu kwamba msumeno ukivutwa mara moja kwa nguvu utapita. Kweli niliona hivyo. Nikamwambia, "Vuta tu, Kipkorir. Kuona ni kwangu."

"Fundi, hii mpini ya chini haikutengenezwa kwa mkono yangu. Nanyoosha mpaka mwisho."

"Vuta!"

Akajirusha, akaning'inia na uzito wake wote. Msumeno ulishuka ghafla kiasi cha kiganja, mpini ukachomoka, na mkono wake mmoja ukabaki umenaswa juu kwenye kamba inayoufunga mpini kwenye msumeno huku mwili ukianguka. Nilisikia bega likitoka. Sitaieleza sauti ile. Niliporuka shimoni alikuwa amelalia ubavu, uso wote umepakwa unga mwekundu, macho mawili tu ndiyo yanaonekana. Hakulia. Akaniuliza swali moja.

"Umeona sasa, fundi?"

Tulimleta kwa mkokoteni wa maziwa wa shamba la jirani. Dresa, mtibabu wa hapa zahanati, amelirudisha bega, Kipkorir akauma kofia yake. Dresa anasema mkono utafanya kazi, lakini hautapanda tena juu ya kichwa. Mtu wa chini kazi yake yote ni juu ya kichwa. Cheptoo, mke wa Kipkorir, amefika sasa hivi. Amenisalimia vizuri, akapita, akaingia. Ningetamani anitukane.

Machi 17

Sikwenda kanisani.

Machi 24

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri, na udongo wa Dundori umegeuka ugali. Kipkorir alikuja ameufunga mkono kwa shuka ya Cheptoo. Nikadhani amekuja kudai kitu, nikajitayarisha. Kumbe amekuja kuniomba.

"Nilienda kwa Nathu," akasema. "Nilimwambia yote. Hakucheka. Amesema hiyo chuma ni nzuri sana, hata yeye hana kama hiyo dukani. Amesema tulete. Siku moja tu, inakuwa sawa."

"Ulikwenda kunisema kwa Nathu?"

"Nilienda kusema msumeno."

"Msumeno ni wangu. Ulikuja kwa jina langu."

"Na bega ni yangu, fundi."

Hapo ningeweza kusimama, nikaufunga msumeno kwenye gunia, tukashuka naye. Mvua ilikuwa bado changa. Pasaka ilikuwa bado mbali kidogo. Lakini nilimwona Nathu akinusa kipande cha mti na kunitazama chini ya miwani yake, nikaliona dirisha, nikamwona mbwa wa mzungu amelala karibu na feni. Nikasema, "Msumeno huu hautapita kwenye dirisha lile nikiwa hai."

Kipkorir akatikisa kichwa. "Basi kaa nayo." Kwa mara ya kwanza hakuniita fundi. Alipotoka alifunga mlango vizuri ili mvua isimnyeshee mtoto.

Machi 30

Mvua. Shimo lina maji mpaka gotini.

Aprili 3

Mvua. Nimejaribu kupasua na kijana wa Bahati aliyekuwa akitafuta kibarua. Ameondoka saa sita bila kuaga.

Aprili 6

Barua kutoka kwa kampuni. Niliwaandikia Februari, siku ile ya mafuta ya kondoo, na jibu limekuja kwa ndege. Karatasi nzito, na tena: Mista Wamalwa mpendwa. Nimeisoma kwa kamusi. Wanasikitika. Wanasema misumeno ya aina hii hutoka kiwandani ikiwa haijapindwa meno, kwa sababu kila nchi ina miti yake na kila mpasuaji ana mkono wake. Wanasema hii ndiyo desturi tangu zamani, na kila mtu wa kazi anaijua. Wananishauri kwa heshima nimwone muuza vifaa aliye karibu nami.

Muuza vifaa aliye karibu nami!

Nimecheka peke yangu mpaka Nekoye akaja kuona nina nini. Nimemsomea. Hakusema lile la mvunguni. Alichukua barua, akaikunja, akaiweka chini ya godoro, akaniambia nile. Wapo watu watakaokuita Mista na kukutakia heri kutoka mbali, na hawatakupinda jino hata moja. Na yupo anayeweza kulipinda, ila atakuinamisha kwanza. Kati ya hao wawili mimi nilichagua jina. Nilikuwa na njaa ya jina, na sioni haya kusema hivyo. Haya ninayoiona ni ya bega la Kipkorir.

Aprili 12

Afisa wa msitu ameniita. Hakuketi, na mimi hakuniambia niketi. Kibali cha shimo amepewa Jonah Kipkorir, kwa ombi la Mwalimu Micah na kamati ya shule. Wamempa mpaka mwisho wa Mei, watoto wasomee kwanza chini ya turubai. Nikauliza, Kipkorir atapasua na bega lipi. Akasema hilo si shauri lake.

Nimepita kiwanda cha mzungu nikirudi. Magogo yamelowa. Nimewaona wanaume wanne wamebeba gogo moja mabegani, wakiteleza. Mmoja alinijua, akaniita kwa jina.

Aprili 16

Nimekwenda kwa Kipkorir. Cheptoo alinipa chai kabla ya neno lolote. Nikamwambia Kipkorir nimekuja kumpa pole, ambayo sikumpa siku ile.

"Imefika," akasema.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nikasema, "Utapata wapi msumeno?"

"Kwako."

"Na nani atavuta?"

Akakitazama kikombe chake. "Mkono yangu haipandi. Lakini kuinua mpaka kifuani naweza, kuongoza naweza. Mstari naijua. Miaka yote nimeifuata kwa mkono kutoka chini." Akakiweka kikombe mezani. "Mtu wa chini sina."

Nilikunywa chai yote, mpaka majani yaliyotulia chini. Cheptoo akaniongeza bila kuniuliza. Nikanywa na ile.

Nyumbani nikamwambia Nekoye. Akaniuliza, "Na kiwandani?" Nikamwambia kiwandani ni wanaume wanne kwa gogo moja. Akasema, "Hapa mtakuwa wawili."

Aprili 18, Alhamisi kabla ya Pasaka

Tulishuka Nakuru na msumeno umefungwa gunia, Kipkorir mbele, mimi nyuma. Mbele ya duka palikuwa na gari la mzungu. Tukaenda ubavuni, tukainama, tukangoja.

Nathu alipotuona hakusema niliyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya kejeli, na nilikuwa na majibu. Akaupokea msumeno dirishani, akaufungua, akaugonga kwa kucha, akausikiliza mpaka ulipoacha kulia. "Chuma safi," akasema. Kisha akaona nilivyonoa kwa picha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hii nani nafanya?"

"Mimi," nikasema.

"Bas. Natengenezeka." Akaomba kipande cha mti. Kipkorir akampa mutarakwa. Akanusa, akauma, akatema. Akauchukua uzi wake. "Haya. Mkono ya mtu wa chini."

Akamtazama Kipkorir, kama siku zote. Kipkorir akarudi nyuma hatua moja akasimama kwenye matone ya paa, macho barabarani.

Ule muda sikuupenda, na sitausahau. Nilifikiri naweza bado kwenda kusimama barabarani. Miguu yangu inaijua njia. Kisha nikakunja shati, nikapitisha mkono wangu dirishani.

Nathu aliutazama mkono, akanitazama usoni, na macho yake yakawa mengine. Kama angenionea huruma kwa maneno ningeurudisha. Akaweka uzi kwapani, akauvuta mpaka kwenye ngumi, akaufunga fundo. Vidole vyake vina kovu la tupa kila kimoja. "Mkono refu," akasema. "Mpini nateremsha kidogo, wewe usiumie."

Aliingia nyuma, na safari hii nilibaki pale pale. Mtu akiinama vya kutosha kwenye dirisha lile, anaona mpaka kwenye jiliwa linaloubana msumeno. Niliona meno yakishikwa na koleo, moja likienda kulia, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto. Ni kazi ndogo. Hata mimi ningejifunza. Ilikuwa ikifanyika mgongoni kwangu miaka yote.

Alipomaliza alitoka nje kwa mlango mkubwa, akauzunguka ukuta, akanikabidhi msumeno mkononi, kwenye tope. Hakuutupa dirishani. Hilo nimeliona, na naliandika kwa haki. Ila naandika na hili: alitoka yeye. Hakuniambia niingie.

Aprili 23

Mvua imetupumzisha. Tumechota maji shimoni, tumelaza lile gogo la Wanyoike juu. Kipkorir alipanda polepole, akajaribu miguu. Mimi nikavaa kofia yake, nikajifunga gunia shingoni, nikashuka.

Msumeno uliingia kwenye mutarakwa kama kisu kwenye ndizi mbivu. Haukubanwa, haukutangatanga. Nimepasua mbao tangu ujana na sijawahi kushika chuma kama kile, na mpini ulikuwa pale hasa mkono wangu ulipotaka uwe. Kutoka chini huoni kitu. Unga ni mwekundu, unanukia vizuri, na unachoma. Nilipouliza tumefika wapi, nilikuwa nimefumba macho.

Kipkorir akajibu kutoka juu, kwa sauti ya kawaida ya kazi.

"Vuta tu, fundi. Kuona ni kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maneno niliyomfundisha, na hajui mengine. Nikavuta.